Mhandisi kati ya Serikali na kampuni: amana ni ile ile

 

 Kila mwaka vyuo vikuu vinapowatunuku vijana shahada za uhandisi, swali moja hurudi katika nyumba zetu za Mbulu na Hanang. Mzazi aliyeuza ng'ombe na magunia ya mahindi ili kijana wake asome huketi naye baada ya swala ya Isha na kumwuliza: je, utaomba kazi serikalini au utakwenda katika kampuni? Swali hilo huulizwa Katesh na Dongobesh, huulizwa Haydom na Mbulu mjini, tena siku hizi huulizwa mabinti kama wanavyoulizwa wavulana. Nasi tunaoandika katika ukurasa huu tumeombwa si mara moja tulitolee rai kwa mizani ya dini.

Rai yetu tutaitoa, lakini kwanza hatuna budi kusema kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Wanaoipendelea Serikali husema kuna pensheni na usalama wa ajira, kisha huongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna "ulaji". Wanaoipendelea kampuni husema kuna mshahara mnono. Neno hilo "ulaji" limezoeleka mno hata linatamkwa mbele ya watoto, linatamkwa hata katika baraza la msikiti, wala hakuna anayeshituka. Kazi ya umma imefananishwa na sinia la pilau, na mwenye cheo anahesabiwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na nyama. Hatudhani kwamba Mwislamu aliyesoma Suratun Nisaa, aya ya 58, pale Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anapotuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, anaweza kulitamka neno hilo bila kuona haya.

Tuitazame kazi yenyewe. Kijana hawi mhandisi kamili siku anayovaa joho. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Na. 15 ya 1997, husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu au zaidi, ndipo aombe kutambuliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi imekuwa na mpango maalumu wa kuwalea wahitimu katika miaka hiyo mitatu. Kisha wahandisi hula kiapo cha taaluma yao mbele ya hadhara. Bodi ni moja, daftari ni moja, na kiapo ni kimoja. Hakuna kiapo cha mhandisi wa Serikali na kingine cha mhandisi wa mkandarasi.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Serikalini kuna TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa. Kuna TARURA ya mwaka 2017 kwa barabara za vijijini na mijini. Kuna RUWASA ya mwaka 2019 kwa maji ya vijijini. Na kuna halmashauri zetu. Kwa upande wa pili kuna wakandarasi, kampuni za ushauri, viwanda, migodi na mitandao ya simu. Mtu mmoja katika umri wake mmoja anaweza kupita huku na huku mara mbili au tatu. Hilo ni jambo la kawaida, na hatujaona aya wala hadithi iliyoliharamisha.

Lakini tusiishie katika majina ya taasisi. Twendeni barabarani.

Aliyewahi kutoka Mbuyu wa Mjerumani kupandisha mlima Magara kwenda Mbulu anajua tunachokusudia. Ni kona juu ya kona, na Bonde la Ufa liko chini yako. Kabla mto Magara haujajengewa daraja lake la sasa, mvua zikinyesha msafiri alingoja ng'ambo hadi maji yapungue, awe na mgonjwa au asiwe naye. Mwezi Juni 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa barabara ya Karatu hadi Maswa kupitia Mbulu, Haydom, Sibiti na Lalago, yenye urefu wa kilometa 339. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya gazetini. Kwa mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Haydom usiku wa masika, barabara ni suala la uhai.

Sasa barabara hujengwaje? Mkandarasi humwaga tabaka la changarawe, hulisambaza kwa greda, hulinyunyizia maji na kulishindilia. Mhandisi wake hupima unene na ugumu wa tabaka hilo. Kisha huja mhandisi msimamizi, ambaye ni wa Serikali au wa kampuni ya ushauri iliyoajiriwa na Serikali, naye hupima tena. Kwenye karavati na daraja, zege linalomwagwa huchukuliwa sampuli, zikatiwa katika visanduku vya chuma, zikaachwa ndani ya maji, kisha zikapondwa maabara baada ya siku 7 na baada ya siku 28 ili ijulikane zitahimili uzito kiasi gani. Ikiwa vipimo vimetimia, msimamizi hutia saini hati ya malipo na fedha za umma hutoka. Mkandarasi akisha kumaliza, huzuiliwa sehemu ndogo ya fedha zake kwa muda wa uangalizi, ili kasoro zikijitokeza azirekebishe.

Angalieni basi kwamba kwenye mtaro mmoja wamesimama wahandisi wawili, mmoja wa kampuni na mmoja wa Serikali, na baina yao pana kipimo kimoja. Ikiwa tabaka lilipaswa kuwa na sentimita 15 nalo lina 11, wawili hao wanajua. Abiria hajui, diwani hajui, na mbunge aliyekuja kukata utepe hajui. Lami ikisha kutandikwa, hata wao hawataiona tena ile sentimita iliyopungua, ila Mwenyezi Mungu anaiona, na baada ya masika mbili au tatu watu wote wataiona.

Suratul Mutaffifin imewaonya kwa adhabu kali wale ambao wakijipimia wenyewe hutaka kikamilifu, na wakiwapimia watu hupunja. Masheikh wetu wametuzoesha kuifasiri sura hiyo kwa pishi na kibaba cha sokoni, nao hawakukosea. Lakini tunadhani wakati umefika wa kuisoma pia kando ya barabara. Mwuza mchele anayepunja kibaba humdhulumu mnunuzi mmoja kwa siku moja. Anayepunja saruji katika nguzo ya daraja anamdhulumu kila atakayepita juu yake, wakiwemo ambao bado hawajazaliwa, na hatajua amwombe nani msamaha.

Mtume (s.a.w.) aliliona jambo hili katika zama zake. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa habari ya mtu wa kabila la Azdi, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akawauliza watu: kwa nini mtu huyo hakukaa katika nyumba ya baba yake au ya mama yake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko? Hakumwita mwizi. Hakusema kwamba fungu la zaka limepungua. Alilouliza ni kama zawadi ilimjia yeye au ilikijia cheo chake.

Swali hilo mhandisi wa wilaya anaweza kujiuliza kila jioni. Mbuzi wa sikukuu aliyeletwa na mkandarasi, mafuta ya gari, ada ya shule ya mtoto iliyolipwa na "rafiki": je, vingekuja kama angekuwa amekaa kwa mama yake kijijini akilima vitunguu swaumu? Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa aliyepewa kazi ya umma akaficha hata sindano, ataileta Siku ya Kiyama ikiwa ni hiana. Mtu mmoja katika Answari aliposikia hivyo alisimama akaomba avuliwe kazi aliyokuwa amepewa. Sindano! Sisi leo tunazungumza juu ya malori ya kokoto.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo watu wachache hulizungumza, nalo ni siku ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Rushwa ya bahasha inajulikana, na sheria ipo. Lakini tuchukulie mhandisi wa Serikali, mcha Mungu, asiyepokea bahasha. Amemsimamia mkandarasi mmoja kwa miaka mitatu. Siku moja, wakinywa chai kambini, mkandarasi anamwambia kwa upole: Mhandisi, ukichoka na mshahara wa Serikali, kwetu mlango uko wazi. Hakuna kilichotolewa wala kilichopokelewa. Lakini tangu siku hiyo, kila hati ya malipo anayoitia saini anaitia mtu ambaye tayari ana waajiri wawili, mmoja anayemlipa leo na mwingine aliyemwahidi kesho. Akiona tabaka la sentimita 11, mkono utasita. Huenda asijue kwa nini unasita.

Na kinyume chake pia kipo. Mhandisi aliyetumikia kampuni kwa miaka kumi anateuliwa serikalini. Marafiki zake wote wako kule, na wengine aliwahi kula nao daku. Leo wanaleta zabuni mezani kwake. Huyu asipojiondoa katika faili la mwajiri wake wa zamani, atawadhulumu wakandarasi wengine kwa urafiki, au atamdhulumu rafiki kwa kuogopa kusemwa. Tena anazo siri za biashara za kampuni aliyoiacha, bei zake na mbinu zake, nazo ni amana vile vile. Kuhamia serikalini hakumhalalishii kuzitoa.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiandika mali ya gavana siku anapompa kazi, ili siku ya kuondoka ijulikane kilichozidi kimetoka wapi. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inayowataka viongozi watamke mali zao. Lakini Sekretarieti ya Maadili haiwezi kuandika ahadi iliyotolewa kambini wakati wa chai. Hiyo itaandikwa na Malaika wawili.

Katika Qurani tunaye mfano wa mtu aliyevuka kwa usalama, naye ni Nabii Yusuf (a.s.). Kwanza alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtu, akikabidhiwa vilivyomo, naye alipotakwa afanye hiana alikataa ingawa milango ilikuwa imefungwa na hapana shahidi. Gharama ya kukataa ikawa gereza. Baadaye alipoitwa na mfalme, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, naye alijitambulisha kwa sifa mbili tu, kwamba ni mhifadhi na ni mjuzi. Kisha akasimamia akiba ya nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame, na akaelekeza mazao yaachwe katika masuke yake. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, kama anavyojua kila aliyewahi kuhifadhi mahindi yakaliwa na dumuzi. Hakuwa mwaminifu kwa sababu yuko serikalini. Alikuja serikalini na uaminifu aliokuwa nao katika nyumba ya mtu binafsi.

Na katika zama zetu tumtaje mhandisi mmoja Mwislamu ambaye mahujaji wetu wengi wamepita chini ya kazi yake bila kujua jina lake. Waliokwenda Hija kwa kupitia uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, wanalikumbuka jengo la mahujaji lenye mapaa meupe mithili ya mahema, yamepangwa safu kwa safu, pande ziko wazi, upepo unapita, na joto la nje halikuchomi. Mahema hayo ni 210. Mhandisi aliyeongoza usanifu wa mihimili yake ni Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, nchi ambayo sasa ni Bangladesh.

Khan alizaliwa mwaka 1929. Alikwenda Marekani mwaka 1952 kusoma katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1955 akaajiriwa na kampuni binafsi ya Skidmore, Owings & Merrill mjini Chicago. Mwaka 1957 alirudi kwao, wakati huo ikiwa Pakistan, akapewa kazi ya Serikali yenye heshima, mhandisi mtendaji katika Mamlaka ya Maendeleo ya Karachi. Hakudumu. Kazi za utawala zilimzuia kufanya kile alichokijua, yaani kubuni majengo, na mwaka 1960 alirudi katika kampuni yake ya Chicago. Huko akabuni namna ya kulifanya jengo refu lisimame kama bomba moja gumu, mihimili ikiwa kwenye kuta za nje, jambo lililopunguza sana chuma kinachohitajika. Jengo la John Hancock la ghorofa 100 lilikamilika mwaka 1969, na lile la Sears la ghorofa 110, lililofikia kimo chake kamili mwaka 1973, lilikuwa refu kuliko yote duniani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nchi yake ilipokuwa katika vita vya mwaka 1971, alikuwa mstari wa mbele kukusanya misaada huko Chicago kwa ajili ya watu wake. Jengo la mahujaji lilifunguliwa mwaka 1981. Yeye alifariki dunia Machi 1982, akiwa Jeddah, hajatimiza miaka 53.

Tunamtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliyeacha kazi ya Serikali akaenda kampuni si lazima awe ameusaliti umma. Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ilifanywa na kampuni binafsi, mwenye mali akiwa Serikali ya Saudi Arabia, na waliofaidika ni mamilioni ya waja wa Mwenyezi Mungu. Ya pili inawahusu wakubwa wa Serikali zaidi kuliko vijana. Karachi ilikuwa na mtu wa namna hiyo mkononi ikampa mafaili. Nasi tujiulize: mhandisi wa wilaya asiye na gari la kukagulia, anayeshinda kutwa katika vikao na kuandika taarifa juu ya taarifa, akiondoka tumlaumu nani? Amana ina pande mbili. Aliyepewa mtaalamu na asimtumie naye ataulizwa.

Lakini tusije tukadhani kwamba utaalamu na uaminifu wa vipimo vinatosha peke yake. Hapa Hanang tuna somo letu wenyewe. Katika nyanda za Basotu, kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia ekari laki moja hivi. Matrekta yalikuwa ya kisasa, mashine za kuvunia zilikwenda safu kwa safu, karakana zilikuwa na mafundi hodari, na ngano ilipatikana. Ila ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, nao waliondolewa, na hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Walikwenda mahakamani, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw ikafika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Baadaye mashamba yalitoka mikononi mwa shirika la umma. Shirika limepita, wafadhili wamepita, na maumivu ya makaburi yale yanasimuliwa mpaka leo. Wengi wa waliodhulumiwa hawakuwa Waislamu, na hilo halipunguzi kitu, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kudhuru na kulipizana madhara, wala hakuulizia dini ya anayedhuriwa. Mhandisi anayeambiwa pima hapa, chimba hapa, naye ameliona kaburi, hawezi kusema kwamba yeye alitumwa tu.

Na tuna somo la karibu zaidi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka kwa maji ya mvua, tope likashuka na mawe na magogo hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa Waislamu na awape subira wafiwa wote. Hatusemi kwamba kosa lilikuwa la mhandisi fulani. Mlima ni wa Mola wake. Tunachosema ni kwamba baada ya siku ile, waathirika walipojengewa nyumba huko Waret, mtu wa Hanang alifahamu kuwa anayesema hapa pajengwe na hapa pasijengwe anatoa ushahidi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 283, imeelezwa kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Mhandisi wa kampuni anayeuona mkondo wa maji mahali ambapo mteja wake anataka kupauza viwanja, akanyamaza ili asipoteze mkataba, yuko ndani ya aya hiyo. Mhandisi wa Serikali anayeidhinisha ramani kwa kuwa mwombaji ni mtu mkubwa yumo pia.

Tukirudi sasa kwa mzazi aliyetuuliza, rai yetu ni hii. Mwache kijana aende mahali ambapo ujuzi wake utafanya kazi, iwe TARURA au iwe kiwandani, na akihitaji kuhama ahame. Akihama, amwambie mwajiri mpya kwa maandishi alimsimamia nani na alimtumikia nani, na ajitoe katika mafaili ya watu hao. Mkandarasi akimwahidi kazi wakati angali anamsimamia, aitangaze ahadi hiyo kwa mkuu wake siku ile ile, au amwachie mwingine usimamizi. Tunajua kwamba ni rahisi kwetu kuyaandika haya na ni vigumu kwake kuyatenda, hasa akiwa kijana, mkopo wa elimu haujaisha, na nyumbani wanangoja.

Nyumbani wanangoja. Hapo ndipo sisi wazazi na jamaa tunapoingia, na tunachelea kwamba hesabu yetu itakuwa nzito kuliko ya kijana. Dhulqarnain, ambaye habari zake zimo katika Suratul Kahf, alijenga kizuizi cha chuma na shaba baina ya milima miwili. Watu wa huko walitaka kumlipa ujira, naye akawajibu kwamba alichopewa na Mola wake ni bora zaidi, wamsaidie tu kwa nguvu zao. Kijana wetu anayerudi likizo Mbulu na mshahara wa kawaida, bila gari, anapokelewaje? Tunamlinganisha na mwenzake aliyejenga ghorofa katika mwaka wa pili wa kazi. Shangazi anauliza mbona fulani amekwisha kuwapeleka wazazi wake Hija. Mjomba anataka ndugu yake aingizwe kwenye zabuni. Hakuna kati yetu anayemwambia aibe. Tunamwambia tu kwamba tumechoka kungoja, kisha tunakwenda kuswali.

Na msikiti nao haukusalimika. Sisi wenyewe tuliwahi kukaa katika kamati ya ujenzi wa msikiti mmoja, fedha zikiwa zimekatika na nguzo zimefika kiunoni. Siku moja lori lilishusha mifuko ya saruji, tukaambiwa imetoka kwa kijana wetu mhandisi aliyekuwa akisimamia mradi usio mbali na hapo. Tulipiga takbira. Katika kikao cha jioni mzee mmoja, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema, aliuliza saruji ile ni ya nani. Tukamjibu kwamba ni ya kijana wetu. Akasema hilo amelisikia, anauliza ilikuwa ya nani kabla haijawa ya kijana wetu. Hapana aliyemjibu. Mwenyekiti alisubiri kidogo, kisha akasoma ajenda iliyofuata, ambayo ilihusu rangi ya mlango. Saruji ile imo katika nguzo za msikiti huo hadi leo.